Kabati la seva linapovuma, anza na joto

Seva ya mtumba iliyotoka ofisini, yaani kompyuta ya kuhudumia kompyuta nyingine muda wote, ina nguvu nyingi kwa bei ndogo, na usiku wa kwanza nyumbani humnyima mtu usingizi. Dawa inayofikiriwa karibu kila mara ni kuifungia. Fundi seremala anaitwa, kabati linatengenezwa, ndani linabandikwa sponji, mlango unafungwa. Kwa nusu saa kunakuwa na utulivu. Kisha feni zinaongeza kasi, zinaongeza tena, na ikifika saa nne usiku kabati linavuma kuliko seva ilivyokuwa ikivuma mezani ikiwa wazi.

Hapo hakuna kilichoharibika. Umeme unaoingia kwenye kompyuta hutoka ukiwa joto, wati kwa wati, na kazi ya feni ni kulitoa joto hilo. Ukilizuia, feni zinahangaika zaidi, na kuhangaika kwa feni ndiko kelele yenyewe. Kwa hiyo kazi hii ina mfuatano wake: kwanza wati zipungue, halafu feni zizunguke polepole, halafu mitetemo ikatwe, na mbao na sponji zije mwisho. Anayeanza na sponji anaanza mkiani.

Pwani jambo hili lina uzito zaidi. ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa viyoyozi na mifumo ya hewa, hupendekeza hewa inayoingia kwenye seva iwe kati ya nyuzi 18 na 27 za Selsiasi. Chumba cha Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari kinaweza kukaa nyuzi 30 usiku kucha. Seva nyingi za raki, ile fremu ya chuma ya kupangia vifaa, hupima joto la hewa inayoingia mbele na kupanga kasi ya feni kwa kipimo hicho, ndiyo maana mashine ileile iliyokuwa imetulia kwenye ofisi yenye kiyoyozi inaanza kulia ikifika nyumbani.

Jua kwanza ni nani anayepiga kelele

Kabla ya kununua chochote, tafuta chanzo. Usiku, zima pangaboi, weka simu yenye programu ya kupima desibeli mita moja mbele ya kabati, na iwe palepale kila unapopima. Namba yenyewe haitakuwa sahihi kwa sababu maikrofoni za simu hazijapimwa kwa kazi hiyo, lakini tofauti kati ya kipimo kimoja na kingine inaaminika. Zima kifaa kimoja kimoja: seva, swichi ya mtandao, UPS (betri inayoshika umeme ukikatika), ruta. Andika namba kila mara. Mara nyingi mtu aliyeilaumu seva kwa miezi hugundua kwamba mluzi unaomchoma sikio unatoka kwenye swichi ya bandari 24 yenye vifeni viwili vidogo kama kiberiti.

Kisha tumia programu inayochora masafa ya sauti. Hapa kila kelele hujitaja kwa jina. Diski inayozunguka mara 7,200 kwa dakika hutetema mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo mchoro utaonyesha mlima kwenye hezi 120. Ya 5,400 huonekana kwenye 90. Transfoma ya UPS huvuma kwenye 100, kwa sababu umeme wa Afrika Mashariki ni wa hezi 50 na chuma cha transfoma hutetema mara mbili kwa kila wimbi. Feni unaipata kwa kuzidisha idadi ya mapanga yake kwa mizunguko yake ya sekunde moja. Feni ya milimita 40 yenye mapanga 7, ikizunguka 12,000 kwa dakika, inalia kwenye hezi 1,400, sauti ambayo sikio haliwezi kuipuuza. Feni ya milimita 120 yenye mapanga 7, ikizunguka 800, inanguruma kwenye 93 hivi. Hiyo iko karibu sana na diski ya 5,400, kwa hiyo usitoe hukumu mpaka uzime mojawapo.

Kuna kelele moja inayowasumbua watu kuliko ukubwa wake: ile inayokuja na kuondoka, wuu… wuu… wuu. Husababishwa na feni mbili zinazokaribiana kasi bila kulingana. Feni mbili za mapanga 7, moja kwenye mizunguko 800 na nyingine 790, hukutana na kupishana zaidi kidogo ya mara moja kwa sekunde. Tiba ni kuzipa kasi moja kutoka kidhibiti kimoja, au kuzitenganisha wazi, moja 800 na nyingine 650. Diski mbili za aina moja kwenye trei moja hufanya vivyo hivyo.

Kuhusu desibeli zenyewe, mambo mawili yanatosha kufanya kazi. Sauti ikipungua desibeli 10, sikio huihisi kama imepungua nusu. Na vyanzo viwili vinavyolingana ukizima kimoja, kipimo hushuka desibeli 3 tu, tofauti ambayo mtu aliye chumbani anaitambua kwa shida. Ndiyo sababu kubadilisha feni moja kati ya sita hakuleti nafuu yoyote. Anza na kinachopiga kelele kuliko vyote, kwa sababu kikiendelea kulia, kazi utakayofanya kwenye vingine haitasikika.

Wati

Nunua kipima wati cha kuchomeka kwenye soketi. Seva ya raki ya miaka kumi iliyopita yenye prosesa mbili inaweza kula wati 120 au zaidi bila kufanya kazi yoyote ya maana. Wati 120 saa 24 kwa mwaka mzima ni yuniti 1,051 za luku, na kila yuniti ni joto lililomwagwa ndani ya nyumba.

Ukitaka kubaki na seva hiyo, kuna vya kutoa. Prosesa ya pili ikitoka, wati kadhaa zinakwenda nayo, ila kumbuka kwamba nafasi za kumbukumbu na za kadi zinazoitegemea nazo zitakufa, na ile plastiki ya kuelekeza hewa lazima irudi mahali pake, la sivyo hewa itapitia shimo lililobaki wazi na prosesa iliyobaki itapata joto kupita kiasi. Pawa saplai ya pili, kama nyumbani hakuna njia mbili za umeme, ni kifeni kingine kinacholia bure. Kwenye bayosi, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta, badilisha mpangilio wa umeme kutoka ule wa nguvu zote kwenda wa wastani, na ruhusu prosesa ilale isipokuwa na kazi.

Lakini swali la kweli ni kama unaihitaji mashine hiyo. Kwa faili za familia, kamera nne, na programu mbili tatu, kompyuta ndogo za ofisini za mtumba kama Lenovo ThinkCentre Tiny, HP EliteDesk Mini au Dell OptiPlex Micro hufanya kazi hiyo zikila wati 10 hivi zikiwa zimetulia. Hakuna sponji duniani itakayoshinda badiliko la kutoka wati 120 hadi 10. Mwenye kuhitaji kumbukumbu ya gigabaiti 128 na diski nane aendelee kusoma, maana yeye kweli anahitaji kabati.

Feni

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko pote. Hewa inayosukumwa na feni hupanda sambamba na kasi yake: kasi nusu, hewa nusu. Kelele haifuati mstari huo. Kasi ikipungua nusu, kelele hushuka desibeli 15 hivi. Ikipungua kwa asilimia 20 tu, hushuka karibu 5. Sasa fikiri: feni mbili za aina moja zikizunguka kwa kasi nusu zinatoa hewa ileile ya feni moja yenye kasi kamili. Kelele imeshuka 15 kwa kupunguza kasi, imepanda 3 kwa kuwa ziko mbili, na umebaki na faida ya 12. Feni kubwa ni bora zaidi, kwa sababu uso wa feni ya milimita 120 ni mara tisa ya ule wa milimita 40, na mngurumo wake ni wa chini, sauti ambayo sikio huivumilia.

Tatizo ni kwamba seva ya unene wa yuniti moja ya raki, yaani sentimita 4.4, haina nafasi ya feni kubwa. Vifeni vyake vya milimita 40 vinaweza kuzunguka mara 15,000 kwa dakika, na vimeundwa kusukuma hewa kwa nguvu katikati ya mapezi ya kupozea yaliyobanana. Watu hununua vifeni vya kimya vya kipimo hicho, kama Noctua NF-A4x20 yenye kikomo cha mizunguko 5,000, wakavifunga, na kushangaa prosesa inafika nyuzi 90. Kifeni hicho ni kizuri kwenye swichi au ruta. Kwenye seva nyembamba yenye prosesa ya wati 95 hakina msukumo wa kutosha. Ushauri wetu kwa seva ya yuniti moja ni mfupi: iuze, tafuta ya yuniti mbili, au bora ya nne, ambayo inapokea feni za milimita 120 na kipoozi kirefu cha prosesa.

Kwenye seva ya yuniti mbili, jaribu kwanza kudhibiti feni zilizopo. Kwenye vizazi vya Dell PowerEdge vya R710 hadi R730, amri mbili za ipmitool, programu ya kuwasiliana na kisimamizi cha ndani cha seva, zinatosha. Ya kwanza inakukabidhi usukani, ya pili inaweka kasi ya asilimia 20, kwa kuwa 0x14 ni 20 kwa hesabu ya kompyuta:

ipmitool raw 0x30 0x30 0x01 0x00
ipmitool raw 0x30 0x30 0x02 0xff 0x14

Ukishika usukani, mashine haikulindi tena. Andika programu fupi inayosoma joto kila sekunde 30 na kurudisha udhibiti kwa mashine, kwa amri ileile ya kwanza ikiishia na 0x01 0x01, joto la prosesa likipita nyuzi 75. Kwenye mashine mpya zaidi za Dell zenye kisimamizi cha iDRAC 9, programu ya ndani ikiwa imesasishwa, mlango huu umefungwa. Jambo jingine la Dell: kadi ya kampuni nyingine ikichomekwa, mashine haiijui joto lake, kwa hiyo inapandisha feni zote kwa tahadhari. Aliyeongeza kadi ya mtandao na seva ikaanza kulia siku hiyohiyo asitafute sababu nyingine.

Ukibadilisha feni kwenye bodi ya Supermicro, kuna mtego unaowakamata wengi. Bodi inatarajia feni isishuke chini ya kikomo fulani, tuseme mizunguko 500. Feni yako mpya inazunguka 400 kwa raha zake. Bodi inadhani imekufa, inazipa feni zote kasi kamili. Zikipanda, bodi inaona zimepona, inazishusha. Zikishuka, inashtuka tena. Matokeo yake ni kabati linalopiga kelele na kunyamaza kila baada ya sekunde chache, usiku kucha. Shusha vikomo hivyo kwa kila feni:

ipmitool sensor thresh FAN1 lower 100 200 300

Angalia pia mpangilio wa pini. Feni ya kawaida ya pini nne ina ardhi, volti 12, pini ya kuripoti kasi na pini ya kudhibiti kasi, kwa mfuatano huo. Soketi za seva za chapa mara nyingi zina mpangilio wao, na feni iliyochomekwa kinyume inaweza kuunguza bodi. Pima kwa mita kabla ya kukata waya.

Feni inayokwaruza au kulia ikianza kuwaka asubuhi ina beringi iliyochoka. Kupunguza kasi hakutaiponya, badilisha. Na feni ya ndani ya pawa saplai iache kwa fundi wa umeme: kapasita kubwa za humo zinaweza kubaki na zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa, na zinaweza kuua.

UPS nayo isisahaulike. Nyingi ndogo za nyumbani huwasha feni zinapokuwa kwenye betri tu. Zile zinazogeuza umeme mara mbili muda wote huzungusha feni saa 24, na hizo ni bora zikae nje ya kabati, kwenye stoo au korido.

Diski na mtetemo

Diski ikiwa mkononi haisikiki sana. Ifunge kwa skrubu kwenye bati, bati kwenye raki, raki kwenye ukuta wa chumba cha kulala, na ukuta wote unakuwa spika. Sauti hii haizuiwi na mlango wala sponji, kwa sababu haipiti hewani. Inakatwa kwa kitu laini katikati ya chuma na chuma.

Mpira hufanya kazi pale tu unapobonyea. Ukibonyea milimita 1 chini ya uzito uliowekwa, mfumo huo unacheza wenyewe kwenye hezi 16 hivi, na mitetemo ya 90 au 120 inakatika vizuri. Usipobonyea kabisa, unapitisha kila kitu. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanakata vipande vya tairi, ule mpira wa kandambili za kata mbuga, wanaviweka chini ya seva ya kilo 20, na hakuna kinachobadilika. Tairi ni gumu mno kwa uzito huo. Tafuta mpira laini unaokubali kidole, au punguza eneo: vipande vinne vya sentimita 2 kwa 2 hubonyea zaidi ya mkeka mzima wa mpira uleule. Kwa diski zenyewe tumia trei zenye vishikizo vya mpira, na skrubu zisikazwe mpaka mpira ukabapa, maana hapo chuma kimerudi kugusana na chuma.

Raki ya kutundika ukutani ihamishiwe sakafuni kama inawezekana. Sakafu ya zege ni nzito, haitingishiki kirahisi.

Sauti ya kichwa cha diski kikitafuta data, ile ya kutafuna, hupungua sana ukihamishia mfumo na kumbukumbu za matukio kwenye SSD, diski isiyo na kitu kinachozunguka, diski kubwa zikabaki na filamu na picha tu. Basi hapo zinaweza kulazwa. Kwenye Linux, amri ya hdparm -S 242 /dev/sdb huilaza diski baada ya saa moja ya kutotumika. Angalia siku mbili tatu: kama inaamka kila baada ya dakika 70, acha kuilaza, kwa sababu kuwaka na kuzima kunaichosha kuliko kuzunguka.

Kabati lenyewe

Sasa mbao. Chukua kabati la plaiwudi ya milimita 18, lisilo na tundu, lenye jumla ya mita za mraba 3 za pande zake. Kuta hizo hupitisha wati 8 au 9 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Weka ndani seva ya wati 130, swichi ya 25, ruta na modemu 15, na UPS inayopoteza 15: jumla 185. Hewa ya ndani itapanda zaidi ya nyuzi 20, na chumba kikiwa 30, ndani ni 50 na ushee. Bandika sponji ya milimita 25 na umeivisha blanketi. Kupanda huko kunazidi mara mbili. Kuta haziwezi kutoa joto hilo, kwa hiyo hewa lazima ipite.

Ipite kiasi gani? Zidisha wati kwa 3, gawanya kwa nyuzi unazokubali hewa ipande. Unapata mita za ujazo kwa saa. Kwa wati 185 na kupanda kwa nyuzi 8: 3 × 185 ÷ 8, karibu 70. Feni mbili za milimita 140 zikizunguka 700 hadi 900 zinatosha, ukikumbuka kwamba namba iliyoandikwa kwenye boksi la feni ni ya hewa huru, na ndani ya kabati lenye kona na kichujio tegemea nusu yake.

Hewa iingie chini mbele, itoke juu nyuma, na njia zote mbili zipinde. Njia iliyonyooka hupitisha sauti kama inavyopitisha hewa. Njia yenye kona hulazimisha mluzi kugonga sponji mara kadhaa kabla ya kutoka, wakati hewa inapinda bila shida. Jenga mfereji wa mbao wenye urefu wa sentimita 60 au zaidi na kona mbili za mraba. Ukiwa na sentimita 15 kwa 35 kwa ndani, ukibandikwa sponji ya milimita 25 pande zote nne unabaki na 10 kwa 30, yaani sentimita za mraba 300. Hewa ya mita za ujazo 70 kwa saa itapita humo kwa kasi ya sentimita 65 kwa sekunde, polepole kiasi cha kutopiga mluzi. Mfereji mmoja wa kuingia, mmoja wa kutoka. Feni zikae upande wa ndani wa mfereji wa kutoka, si kwenye mdomo wa nje, na kati ya mapanga na wavu wowote uache sentimita 3. Feni inayovuta hewa kupitia bati lenye matundu lililogusana nayo hulia hata kwa kasi ndogo. Kata bati hilo, weka wavu wa waya.

Ndani ya kabati, tenganisha mbele na nyuma. Kipande cha mbao nyembamba au bati kuzunguka seva kinatosha, na nafasi tupu za raki zizibwe. Bila kizuizi hicho hewa ya moto inayotoka nyuma huzunguka na kuingia tena mbele, feni za kabati zinafanya kazi, feni za seva zinalia vilevile. Kipimo cha kufaulu ni hiki: hewa inayoingia kwenye seva isizidi ya chumbani kwa zaidi ya nyuzi 3 au 4.

Kuhusu sponji, tuseme wazi kwamba haizuii sauti. Inanyonya sauti inayozungukazunguka ndani. Kinachozuia ni uzito wa ukuta. Kila unapoongeza uzito wa ukuta mara mbili unapata desibeli 6 hivi, kwa kanuni. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa, ya milimita 18 ina kilo 13 kwa mita ya mraba na inazuia vizuri, ila unyevunyevu wa Pwani huivimbisha kingo. Ikatwe, ipakwe rangi kila ukingo, au utumie plaiwudi. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazina uzito wala unene wa kunyonya chochote cha maana, na zinawaka kama karatasi.

Sponji ya godoro nayo isiingie humo. Inashika moto haraka na moshi wake ni sumu, na hapa tunaiweka pamoja na umeme usiozimwa. Tumia sponji ya melamini, au sufi ya mawe iliyofunikwa kitambaa chepesi ili nyuzi zake zisivutwe na feni. Milimita 25 hunyonya mluzi wa hezi 1,000 na kuendelea. Mngurumo wa 100 hauisikii kabisa, huo unatibiwa kwenye mtetemo.

Sehemu ndogo inayoharibu kabati zima ni pembezoni mwa mlango. Mlango wa sentimita 60 kwa 120 una mzingo wa sentimita 360. Ukiacha upenyo wa milimita 2 kuuzunguka, umeacha wazi sentimita za mraba 72, ambayo ni asilimia 1 ya mlango. Upenyo wa asilimia 1 unaufunga uwezo wa mlango huo wa kuzuia sauti kwenye desibeli 20, hata ungekuwa wa chuma cha nusu inchi. Raba ya mlango wa gari, inayouzwa kwa mita kwenye maduka ya spea, hukaa vizuri hapo. Funga vitasa viwili vya kukaza, juu na chini, raba ibanwe urefu wote. Zima taa za chumbani, washa tochi ndani ya kabati: panapotoka mwanga, panatoka sauti. Tundu la kebo nalo lizibwe kwa raba au silikoni laini.

Halafu chumba. Nyumba nyingi za chini zina kuta za ndani zinazoishia kwenye silingibodi, na juu yake dari ni moja kwa nyumba nzima. Sauti hupanda, hupita juu ya ukuta, na kushuka chumba cha pili. Kadhalika matundu ya hewa yaliyo juu ya milango. Usielekeze mdomo wa kutolea hewa juu kwenye silingi. Uelekeze dirishani au kwenye ukuta wa nje.

Kabla ya kuliacha peke yake

Funga mlango, ipe seva kazi nzito, na soma joto kila dakika 10 kwa saa mbili. Diski zikikaa chini ya nyuzi 45 na prosesa chini ya 75, vizuri. Kisha fanya jaribio ambalo wengi hulikwepa: chomoa feni za kabati, mlango ukiwa umefungwa, ukae hapo na saa. Utajua una dakika ngapi siku feni itakapokufa umelala. Panga seva ijizime diski ikifika nyuzi 55, na uhakikishe kweli inajizima.

Kwa kudhibiti feni za kabati, kidhibiti joto kidogo cha W1209 kinachouzwa bei rahisi hufanya kazi, ila huwasha na kuzima. Feni inayowaka ghafla saa nane usiku huamsha watu kuliko inayozunguka polepole muda wote. Bora kidhibiti kinachobadilisha kasi taratibu kwa joto, au adapta ya kuchagua volti ikiachwa kwenye 7 au 9 bila kuguswa. Hakikisha tu kwamba feni inaanza yenyewe kwa volti hiyo umeme unaporudi baada ya kukatika; nyingine huzunguka kwenye 5 lakini haziwezi kuanza.

Kichujio cha vumbi kioshwe kila mwezi, na karibu na barabara ya vumbi kila wiki mbili. Andika kwenye kipande cha karatasi ndani ya mlango tofauti ya joto kati ya chumba na mbele ya seva siku kichujio kilipokuwa kipya. Ikizidi hapo kwa nyuzi 2, kichujio kimeziba, na feni za seva ziko karibu kuanza kupanda.